Chaja ya Lapi: Wati Ngapi Ndio Sawa? Soma Hii Kabla Hujaingia Luthuli

Ingia Luthuli Avenue saa hii, simama kwa duka lolote chaja zimening'inia kama suruali za Gikomba, useme unataka chaja ya HP. Swali la kwanza utakaloulizwa si wati. Utaulizwa, "Pini kubwa ama ile ya bluu?" Ukijibu tu hilo, msee anavuta moja, anaichomeka, kataa ka lapi kanawaka, unalipa, unadandia mat ya Kangemi ukijua mambo imeisha.

Noma inaanza ukifika keja. Unafungua kazi yako, browser iko na tabu ishirini, muziki unacheza. Betri ilikuwa 40. Saa moja baadaye iko 36 na chaja bado iko kwa soketi. Lapi inakokota kama gari ya Kawangware kwa jam ya Valley Road. Kesho yake mtu anakwambia betri imeisha, mwingine anasema motherboard. Na pengine hakuna kitu kimeharibika. Umeuziwa chaja ya wati 45 na lapi yako inataka 65.

Hii story inapata wasee wengi Nairobi kwa sababu moja rahisi: lapi nyingi tunazobeba ni ex-UK. EliteBook, ThinkPad, Latitude, zile zilikuwa za ofisi huko Uingereza, kampuni ikanunua mpya, za zamani zikapandishwa meli. Mob zinafika bila chaja zilizozaliwa nazo. Anayekuuzia anachukua yenye iko karibu na inaingia. Kwa hivyo usiseme "lakini hii ndio nilipewa nayo." Hiyo chaja si ushahidi wa kitu chochote. Ushahidi umeandikwa kwa lapi yenyewe.

Geuza lapi kwanza

Izime, igeuze, usome maandishi madogo yaliyo chini. Unatafuta namba mbili zinazofuatana, kitu kama 20V na 3.25A, ama 19.5V na 3.33A. Kama stika imefutika, na kwa ex-UK hufutika, chukua jina kamili la modeli, uingie kwa tovuti ya kampuni utafute ukurasa wa hiyo mashine. Jina kamili, tafadhali. "HP Core i5" si jina, hiyo ni kama kusema unaishi "Westi".

Sasa shika chaja. Iko na laini mbili na watu husoma ile si yao. INPUT ni ya ukutani: 100-240V, 50/60Hz. Hapa Kenya stima ya nyumba ni volti 240 na hertz 50, kwa hivyo karibu kila chaja ya lapi inaingia hapo bila shida, hata ile shangazi amekutumia kutoka Marekani. Hiyo ya Marekani unabadilisha tu kebo ya ukutani. OUTPUT ndio mambo yote. Hapo ndio volti na ampea zinazoenda kwa lapi.

Wati ni volti mara ampea, basi. 20 mara 3.25 ni 65. 19.5 mara 3.33 inakupa 64.9, ndio hiyo 65 ya HP. 19.5 mara 2.31 ni 45. 19.5 mara 4.62 ni 90. Zile HP za kitambo zilikuwa 18.5 mara 3.5, bado ni 65 ukizungusha kidogo. Ukiwa na kalkuleta ya simu hakuna mtu wa Moi Avenue atakuzungusha.

Halafu kuna kitu lazima kiingie akilini, juu watu wengi wanakibeba kinyume. Fikiria tangi la maji juu ya ploti yenu. Vile tangi limeinuliwa ndio presha, na hiyo ndio volti. Maji yenye unatoa kwa mfereji ndio ampea. Tangi likiinuliwa sana, presha inapasua paipu, na hapo huwezi jitetea. Lakini tangi likiwa na maji mengi tu, haliwezi kukulazimisha ujaze ndoo kumi. Unafungua mfereji, unachota yenye unataka, unafunga.

Kwa hivyo volti lazima zifanane. 19 na 19.5 kwa kawaida huelewana, hiyo nusu si vita. Lakini mashine ya 19.5 ukiipatia 24, umeichoma. Ampea na wati ni tofauti: zinafaa kufika ama kupita. Kupita si hatia.

Wati nyingi haziui lapi

Hii imani ya "chaja kubwa itachoma motherboard" imekaa mtaani miaka mingi, na bado kuna mafundi wanaihubiri. Chaja ya 90 kwa lapi ya 65, volti zikiwa sawa na pini sawa, haina madhara. Lapi inavuta 65 yake na hizo zingine zinakaa tu. Tena chaja inafanya kazi bila kutoa jasho, haishiki moto sana, inaishi. Ukipata 45 na 90 kwa bei moja na lapi yako ni 65, beba 90 bila kuuliza.

Kuna wale pia huogopa tokeni. "90 itakula stima." Haiwezi, juu kinachokula stima ni lapi, si maandishi kwa chaja. Hata tufanye hesabu ya mbaya zaidi: lapi ikivuta wati 65 bila kupumzika masaa nane, hiyo ni uniti 0.52. Tuseme uniti ni bob 30 pamoja na makato yote. Siku nzima ya kazi ni kama bob 16. Na lapi ya ofisi ikiwa imejaa chaji na unaandika tu, huvuta chini ya hapo sana. Kama tokeni zinakimbia, muulize mwenye hita ya kuoga.

Shida ni kwenda chini. Ukiweka 45 kwa lapi ya 65, kinachofuata kinategemea akili ya mashine. Dell ikijua chaja ni ndogo inakuonya ukiwasha, halafu inapunguza mwendo wa prosesa ili isivute sana. Hapo ndio unaona Excel inafunguka polepole na unaanza kulaumu RAM. Zingine zinakubali kuchaji tu zikiwa zimezimwa. Zingine zinachaji ukiandika, ukifungua video zinaanza kula betri huku chaja imechomekwa. Na kama ni chaja ya bei ya chini isiyo na kinga yoyote, yenyewe inajaribu kutoa yenye haina, inakuwa moto kama pasi, inazima, inapoa, inawaka tena. Ukiona kataa kanawaka na kuzima kila dakika chache, usiende kwa fundi wa motherboard kwanza. Soma OUTPUT.

Nani anahitaji ngapi? Lapi ndogo za ofisi, zile za inchi 12 hadi 14 zenye prosesa za kawaida, ni 45 ama 65. Zile nzito za inchi 15 zenye kadi ya picha ya kando huanza 90 na kupanda hadi 130 na zaidi. Lapi za gemu ni dunia nyingine: 150, 180, 200, 230, na chaja yenyewe ni tofali. Msee wa kuediti video na lapi ya gemu asijaribu kuazima chaja ya comrade wa Chiromo mwenye EliteBook, atapoteza tu wakati.

Wenye MacBook mko na hesabu yenu. Zile za zamani za sumaku zilikuwa 45 kwa Air, 60 kwa Pro ya inchi 13, 85 kwa Pro ya inchi 15. Air ya M1 ilikuja na 30 tu. Pro ya inchi 16 ya 2021 ikaruka hadi 140. Ukitaka kujua chaja uliyonunua inatoa ngapi kweli, bonyeza alama ya Apple ukishika Option, ingia System Information, halafu Power. Huko chini Mac yenyewe inaandika wati za chaja iliyochomekwa.

Pini inaingia lakini lapi inakataa

Hapa ndio pesa nyingi hupotea tao. Chaja ya Dell ya pini kubwa na ya HP ya pini kubwa zinafanana, zote ni milimita 7.4, moja inaingia kwa nyingine. Lakini ukiangalia ndani ya pini utaona kasindano katikati. Hako kasindano si ka stima, ni ka kuongea. Kanaambia lapi, "mimi ni wa nyumbani na niko na wati kadhaa." Dell isiposikia jibu inalolijua, inaandika kwamba haijui aina ya chaja, inatembea polepole, na mara nyingi inakataa kabisa kuchaji betri. Waya ya hako kasindano ndio nyembamba kuliko zote, na ndio ya kwanza kukatika ukizoea kukunja kebo vibaya. Kwa hivyo Dell ikianza kulia hivyo na chaja ni yake ya siku zote, kagua shingo ya kebo kabla ya kununua ingine.

Pini ya bluu ya HP, ile nyembamba ya 4.5 inayopatikana kwa EliteBook 840 G3 na wenzake, pia ina hako kasindano, na bado inakuja kwa 45 na 65 zikiwa zinafanana kama mapacha. Ndio maana jibu la "ya bluu" halitoshi. ThinkPad zenye shimo la mstatili wa manjano zinatumia mbinu ingine: ndani ya kichwa kuna rezista inayoambia mashine ni chaja ya ngapi. Lenovo hapo haikubali kudanganywa kirahisi.

Na zile chaja za vichwa nane, za kila lapi? Mimi sizipendi. Nyingi haziwezi kuongea na kasindano ka Dell wala HP. Mbaya zaidi ni zile za kaswichi ka kuchagua volti, 12 hadi 24. Leo umeweka 19, kesho mtoto wa jirani amekasongeza hadi 24, na wewe unachomeka tu. Kama huna lingine, tia gundi kwa hako kaswichi.

Type-C imekuja na wizi wake

Habari njema ni kwamba EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480, zote za 2018, zinachajika kwa Type-C, na wengi waliofuata pia. Habari ya kuchunga ni kwamba si kila shimo la Type-C kwa lapi hupokea stima. Kuna mengine ni ya kupitisha faili tu. Angalia modeli yako kwanza.

Uzuri wa Type-C yenye mfumo unaoitwa Power Delivery, ama PD, ni kwamba chaja na lapi huongea kabla ya kazi kuanza. Inaanza na volti 5, lapi inauliza uko na nini, chaja inajibu 9, 15, 20, wanakubaliana. Kwa hivyo kuchoma lapi kwa volti kubwa ni vigumu kama chaja ni ya ukweli. Shida inahamia kwa wati, na kwa kebo.

Kebo ya kawaida ya Type-C inabeba ampea 3. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60, hata ukiichomeka kwa chaja ya 100. Ukitaka kupita hapo, hadi ampea 5 na wati 100, kebo lazima iwe na chipu ndani inayoitwa e-marker. Tangu 2021 mfumo wa PD umepanuliwa hadi wati 240, na hizo zinataka kebo zake. Sasa wewe umelipia chaja ya 100 Kimathi Street, halafu ukaunganisha na kebo iliyokuja na simu. Umetupa pesa. Kebo ya lapi huandikwa 5A ama 100W ama 240W kwa shingo. Isipoandikwa, hesabu ni 60.

Na simu? Hapa ndio vijana wengi wanachanganyikiwa. "Chaja yangu ya simu ni 67, lapi inataka 65, si iko sawa?" Pole, bana. Nyingi za hizi chaja za kasi za Xiaomi, Infinix na Tecno zinaongea lugha ya kampuni. Zikikutana na simu yao zinatoa 67. Zikikutana na lapi zinarudi chini, na kama shimo lao ni lile la mstatili la zamani, usitarajie mengi. Lazima kwa maandishi ya OUTPUT uone laini ya 20V. Kama inaishia 5V, 9V na 12V, hiyo ni ya simu. Windows yenyewe itakuandikia kwamba chaja ni ya polepole. Soketi za USB kwa mat? Volti 5. Hata ukienda hadi Kikuyu na kurudi hautaona asilimia ikipanda.

Zile chaja ndogo za GaN zenye mashimo matatu ni poa, nakubali, ni nyepesi kubeba. Lakini 65 yake ni ya shimo moja likitumika peke yake. Ukichomeka simu pembeni, inagawa, na lapi inaweza kubaki na 45. Soma nyuma ya boksi vile inagawa.

Feki na kupima hapo hapo

Mtu anaweza kuchapisha 65W kwa plastiki yoyote. Ndani kuna spea za 40. Feki ya wati ndogo itakuchelewesha, lakini feki iliyojengwa vibaya inaweza kufanya zaidi: stima ya 240 ya ukutani na ile ya 20 ya lapi zinatenganishwa na vitu vichache ndani ya hicho kisanduku, na asiye na haya anavipunguza. Hapo tunaongea moto kwa kitanda, si asilimia za betri.

Chaja iliyoingizwa nchini inafaa kuwa na stika ya KEBS, ile ya ISM, na namba yake unaweza kuituma kwa SMS hadi 20023 ukajibiwa. Boksi likiwa na spelingi za ajabu, kebo laini kama ya radio, ama kitu chepesi kama boksi la kiberiti na si GaN, weka chini. Na chaja ya mia sita haiwezi kuwa "orijino moja kwa moja" hata muuzaji akiapa kwa mamake.

Sasa kupima, na hii ndio sehemu watu hukosea zaidi. Usiende tao na betri ikiwa 100. Betri iliyojaa haivuti kitu, kwa hivyo hata chaja mbovu itaonekana fiti. Fika ikiwa 30 ama chini. Washa lapi, ongeza mwangaza hadi mwisho, fungua video ya YouTube yenye picha kali, ukae dakika kumi. Asilimia ikipanda huku mashine inafanya kazi, sawa. Ikisimama ama ikishuka, rudisha. Shika chaja pia. Joto ni kawaida, lakini kama huwezi kuishikilia kwa kiganja, hiyo si yako. Kama ni Dell, zima, washa ukibonyeza F2, huko ndani imeandikwa ni chaja ya wati ngapi inayotambuliwa.

Muuzaji akikuonyesha mita ya fundi inasoma 19.5, mwambie asante lakini hiyo ni volti. Chaja dhaifu pia inasoma 19.5 ikiwa haijabeba mzigo. Mita hiyo haioni wati.

Na kabla ya kununua kabisa, hakikisha si betri yenyewe imezeeka. Kwa Windows fungua command prompt, andika powercfg /batteryreport, na utapata faili yenye namba mbili: betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inajaza ngapi. Kama imebaki nusu, chaja mpya itachaji vizuri na bado utakatikiwa njiani.

Kitu kidogo cha mwisho kwa ukuta: kebo ya flawa. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na kwa kebo ya lapi ya 3A inatosha. Nyingi zinauzwa na ya 13A, na zingine ni waya nyembamba kama uzi. Waya ya hivyo ikiwa na fyuzi kubwa, waya ndio itawaka kwanza.

Ukilipa, itisha risiti, na uambie msee aandike volti, ampea na muda wa waranti, si "chaja ya HP" pekee. Lile bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halifuti Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachokupa haki ya bidhaa ya ubora unaofaa. Lakini bila hizo namba kwa karatasi, utarudi Jumatatu na muuzaji atakwambia hukusema ni 65.